Chuma Hakinitaki, Alumini Hainitaki

Mdogo wangu alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa. Alikatwa mguu chini ya goti, na nguzo ya mguu wake wa bandia, ile fimbo iliyo kati ya kigutu na wayo, ilipovunjika alinijia karakanani, maana mimi ni mkerezaji wa vyuma.

"Kaka, kila mtu unamtengenezea. Nami je?"

Nikamkerezea nguzo ya chuma. Ilikuwa imara kweli, lakini wiki mbili hazikuisha kigutu kikajaa vidonda kwa ule uzito.

"Nauburuta kama mtu anayemrudisha mlevi nyumbani," alisema, tukacheka.

Nikatengeneza nyingine ya alumini, unene uleule, uzito theluthi moja. Alitembea mpaka mlangoni, akageuka bila kushika kitu, akacheka peke yake. Sikutaka kumharibia furaha, ila ilibidi.

"Sikiliza. Chuma kikibebeshwa kwa kiasi hakichoki. Hii inachoka kidogo kwa kila hatua, mpaka siku ikatike. Na joto inalipitisha upesi mno, kwa hiyo kaa mbali na mvuke."

"Nikae mbali wapi? Bomba la mvuke linapita chini ya meza yangu."

Akaizungushia nguzo kitambaa, akarudi kazini. Ngozi ya kigutu chake ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo hakuhisi kitu. Siku ya nne, alipouvua mguu, ngozi ikatoka nao. Nguzo ya chuma ingechelewa kupata moto hadi juu; ile ya alumini ilipandisha joto lote.

Alikaa miezi miwili akiuguza. Akarudi, wakamhamishia kwenye kukunja mashuka. Mwezi wa saba tangu nimtengenezee, akishuka ngazi na mzigo mikononi, nguzo ile ya alumini ikakatika vipande viwili, akaanguka nayo. Bosi wake akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Hakuitwa.

Nilimpigia mahesabu mbele yake, pale karakanani. Nikiongeza unene wa alumini ili isikatike, uzito unapanda, na joto liko palepale. Nikipunguza unene wa chuma, kinapinda. Nikafuta, nikaandika upya, nikafuta tena.

Akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Kaka, acha. Chuma hakinitaki, alumini hainitaki. Umejaribu."

 Nikamfungulia mlango, akatoka na magongo yake.