Alama Mia Tatu za Fizi

Waliokuwepo Jumamosi ile ya Agosti 2013, katika chumba cha intaneti cha Bwana Rwakabuba, mtaa wa Nyamityobora mjini Mbarara, ni hawa: Appolinaire, mwenye daftari; Marie, msimamizi wa mfuko; Gradi, mtazama ramani; na Gisèle, aliyeshika kipanya. Wote wanne walikuwa wametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa gari la alfajiri. Bwana Rwakabuba mwenyewe alikaa mlangoni, akitafuna muwa.

Elisée, kaka yake Gisèle, hakuwepo. Alikuwa Norwei, alikopelekwa pamoja na familia ya mjomba wao miaka miwili nyuma, na ndiye aliyekuwa sababu ya safari. Yeye na dada yake Gisèle hawakuwa wamecheka pamoja tangu siku waliyoagana. Simu ilikula salio kabla salamu hazijaisha. Sasa Elisée alikuwa askari wa kikosi fulani katika mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wa dunia nzima, na kikosi hicho kilitafuta mchuma mitishamba mmoja. Sharti lilikuwa hili: ustadi wa kuchuma ufike alama mia tatu kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku hiyo. Atakayewahi angeingia, na angekuwa bega kwa bega na Elisée katika kila pambano. Atakayechelewa angebaki nje.

Mhusika wao, ambaye wote wanne walimmiliki kwa pamoja na kumwita Fizi kwa kukumbuka wilaya ya kwao waliyoikimbia, alikuwa na alama mia mbili sabini na moja. Ilikuwa saa sita na robo.

Kazi hiyo ilikuwa na kanuni zake, na Appolinaire alikuwa amezipanga kwa wino wa rangi mbili. Kila mmea huongeza alama moja, mradi usiwe mwepesi kuliko ustadi wa mchumaji. Ukishakuwa mwepesi, hata ukijaza gunia huongezi kitu. Kwa hiyo walimzungusha Fizi kandokando ya ziwa la mchezo, ili duara linapofungwa mimea ya mwanzo iwe imeota tena. Marie alitaja cha kutupa mfuko ulipojaa, Gradi alitaja njia, Appolinaire aliandika. Mpango haukuwa na kasoro. Hata hivyo, ilipotimia saa tisa walikuwa mia mbili themanini na nne tu, na goti la Gisèle lilikuwa likipiga meza kama mtu atwangaye majani ya sombe.

"Gisèle, tuliza muguu," Marie alimwambia. "Skrini inalewa."

"Muguu iko yangu. Saa njo haiko yangu."

Bwana Rwakabuba aliinuka akaja kusimama nyuma yao. Kwenye skrini, Fizi aliukaribia mmea wa majani ya fedha. Mchezaji mgeni alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Gisèle akamgeuza Fizi, akaenda zake.

"Mawe! Mbona unaacha?" Bwana Rwakabuba alishangaa.

"Iko na mwenyewe, muzee," Gradi alijibu.

"Mwenyewe gani? Huyo amesimama tu. Pengine ameenda kukojoa huko kwao!"

"Kwetu ku kambi, ukikuta mutu amesimama ku shamba, unamuuliza kwanza."

"Nyinyi watu ya Nakivale, mnaogopa mpaka majani ya kompyuta!" Bwana Rwakabuba alicheka hadi muwa ukamtoka mkononi. "Hapa hakuna chairman, hakuna komanda ya kambi ya kupima na kamba. Anayegusa kwanza, ni yake."

Wanne hao hawakucheka. Kila mmoja wao alikuwa amelelewa juu ya kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba, chenye jirani huku na mwenyeji wa kijiji cha Ngarama kule, na kila mmoja alionywa mapema: usitie jembe palipo na mguu wa mtu. Onyo hilo walikuwa wamelibeba mpaka ndani ya mchezo bila kujua. Appolinaire alishusha kidole kwenye safu yake ya mwisho, iliyoandikwa kwa mwandiko safi kabisa. Tangu saa sita alikuwa ameandika "mwenyewe yupo" mara kumi na tisa.

"Yaya Appolinaire, mukubwa wetu, na wewe uliandika tu?" Gisèle aliuliza.

"Uliniambia niandike kila kitu."

Hapo Gisèle akaacha kumgeuza Fizi. Palipokuwa na mtu aliyesimama, alichuma mbele ya macho yake, na hakuna aliyemfokea. Mia mbili tisini. Tisini na sita. Saa kumi na dakika hamsini na mbili, Fizi alisimama kwenye mdomo wa pango akiwa na alama mia mbili tisini na tisa, na mmea mmoja ukang'aa ndani.

Mbele ya mmea huo mgeni mmoja alikuwa akipigana na fisi mkubwa aliyeulinda.

"Chukua!" Gradi alinong'ona. "Mikono yake iko na kazi."

Kidole cha Gisèle kilikuwa juu ya kipanya. Wale wengine walikuwa wamesimama tu. Huyu, kwa kupigana na fisi, alikuwa anafyeka shamba lake.

"Amalize kwanza," alisema. "Iko ingine nyuma yake, ni mbili. Tutagawana."

Fisi alipoanguka, mpanda farasi aliingia kwa kasi, akang'oa mimea yote miwili, akatoweka. Mgeni alibaki juu ya mzoga wake. Fizi naye alibaki mlangoni. Waliukimbilia mmea uliofuata ng'ambo ya ziwa, wakakuta umekwisha kuchumwa, na saa kumi na moja ikagonga wakiwa njiani.

Maandishi ya Elisée yalitokea pembeni: "Chef ya kikosi amekamata mutu ingine. Pole, dada. Ulibakiza ngapi?"

"Moja," Gisèle aliandika.

"Moja!" Gradi alijishika kichwa. "Na ulikuwa na kidole juu yake!"

Gisèle alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akawageukia.

"Musikie bote. Sitaomba tena kikosi ya Elisée. Namuandikia sasa hivi: kila siku ya posho, kila Jumamosi kama leo, saa munane, Fizi atakuwa ku ile ziwa. Akuye yeye fasi tuko, achume na siye. Nimetembea mia mbili makumi kenda na kenda kumufuata. Ile moja, aitembee yeye."