Sauti ya Binti wa Milimani

Byron wa studio ya Kondele angeweza kumfanya hata chura aimbe tenzi, mradi tu umfikishe kwenye kompyuta yake. Ila leo alikuwa akiyakwepa macho ya Sheryl, msichana aliyeuimba wimbo wa kwaya peke yake, mwanzo hadi mwisho.

"Kwenye video atakuwa Valerie," alisema. "Sauti yako, uso wake. Baba yake ndiye alinunulia kwaya vyombo. Si unajua kanisa?"

"Najua. Yesu anaokoa, mwenye spika anachagua."

Byron hakucheka. Aliishika sauti ya Sheryl pale kwenye skrini, ikiwa na vilima kama vya Nandi, akaipandisha juu kidogo. Palipopinda akanyoosha. Kisha akaanza kufuta pumzi, moja moja, kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki wa mbuta. Alipoichezesha, ikatoka sauti ya mtoto ambaye hajawahi kubeba ndoo ya maji.

"Endelea tu," Sheryl alisema. "Hata uisage iwe unga, mama yangu, Mama Aloo, ataijua. Na yeye akijua, kanisa lote litajua."

Hapo hakutia chumvi. Mama Aloo aliuza samaki sokoni, na akifungua mdomo hata mwenyekiti wa kwaya hutafuta mlango. Basi Sheryl akasubiri.

Wimbo ulitoka redioni Jumamosi, mama akipaa samaki. Kisu kilisimama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni nani?"

"Wanasema ni Valerie wa Milimani. Wewe unasikia nani?"

"Valerie! Kumbe kale katoto kanaweza!" Mama alitikisa kichwa kwa raha. "Umesikia vile ametulia?"

"Mama, hiyo ni sauti yangu. Byron ameibadilisha na kompyuta."

Mama Aloo alicheka mpaka magamba yakaruka. Alipoona bintiye hacheki, akafuta mikono kwenye leso. "Haya. Imba."

Sheryl akaimba kwa koo lote, hadi jirani akachungulia.

"Unaona sasa?" mama alisema polepole, kwa huruma iliyouma kuliko matusi. "Wewe ni mzuri, nyathina, mwanangu. Lakini usimwonee mwenzako wivu. Kesho kanisani kaa karibu naye, usikize vile anafanya."