Kongosho la Ng'ombe wa Matanga

Siku ya kumaliza matanga ya Oswaldi pale Pito, mjane wake Rozina alikuwa na jambo moja tu kichwani: macho ya shemeji yake. Polikarp, mdogo wa marehemu, alikuwa amegeuka manjano mpaka viganjani, anajikuna kutwa, suruali inamvuka. Oswaldi naye alianza hivyo hivyo.

"Nenda hospitali, shemeji," alimwambia tena asubuhi hiyo.

"Nyongo tu hii. Mizizi inanitosha." Halafu akashusha sauti. "Kwani kaka aliugua? Kaka alichezewa na watu. Hospitali wangefanya nini?"

Jamani! Rozina alikasirika. Daktari mjini aliwaeleza waziwazi: saratani ya kongosho, na imeshasambaa. Ukoo mzima ukaitikia kwa heshima, kisha ukarudi nyumbani kutafuta mchawi. Hilo kongosho lenyewe nani alikuwa analijua? Mchawi angalau ana jina na nyumba.

Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wanachuna ng'ombe wa matanga. Mwanamke hasogei pale kabla nyama haijagawanywa. Rozina akasogea, tena na nguo zake nyeusi za ujane.

"Mama Luciana, umepotea njia?" akamtania Adolfu, aliyeshika kisu.

"Nipe kile kinachojificha nyuma ya tumbo, kile mnachowatupia mbwa."

Adolfu akacheka, lakini akakata, akampa. Kilikuwa kipande kirefu, laini, chekundu kilichopauka. Rozina akaenda nacho moja kwa moja hadi kwenye benchi la wazee wa ukoo, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Kongosho ndilo hili. La Oswaldi liliota uvimbe, ukabana njia ya nyongo. Ndiyo maana macho yalikuwa manjano, mkojo kama kahawa, mgongo unamkosesha usingizi. Nilisema, mkaniona nimechanganyikiwa kwa msiba. Haya, liangalieni!"

Hakuna aliyemkemea. Polikarp, aliyeketi pembeni ya wazee, alikitazama kile kipande, mkono ukipapasa chini ya mbavu.

"Na la kwangu likiwa hivyo?"

"Huenda siyo. Manjano ina sababu nyingi."

"Na kama ndiyo?"

"Sijui, shemeji. Sitakudanganya. Ila Oswaldi tulimpeleka amebebwa. Wewe bado unatembea."

Polikarp akanyanyuka, akauliza kama gari la mjini limeshapita.