Kidole Kisicho na Mistari

Wakonyo hakujua kuandika, kwa hiyo pale dispensari ya Thika alisogezewa wino aweke kidole gumba. Akaweka. Likatokea doa jeusi tupu, bila mstari hata mmoja. Nzioka, yule dresa aliyegawa dawa, akamfokea abonyeze vizuri. Abonyeze mara ngapi, jamani? Huo ulikuwa mwaka wa tatu akimenya mananasi kiwandani, na maji ya nanasi yalikuwa yamekula ngozi ya vidole vyake mpaka vikabaki laini.

Lakini siku hiyo hakuwa na nguvu za kubishana. Binti yake Warigia, wa miaka mitano, alikuwa amevimba tumbo kama ngoma, na dawa ya minyoo ameitapika mara mbili. Nzioka alisema waziwazi: wiki ikiisha minyoo haijatoka, mtoto atapelekwa Nairobi akapasuliwe. Wakonyo akamvuta mtoto kifuani. Mtoto wa dada yake alipasuliwa huko, akarudishwa amefunikwa blanketi mpaka usoni.

Kesho yake kazini maji yalimwasha vidole, akavitazama. Kama haya maji yanakula mtu mzima, yatashindwa na mnyoo? Jioni akabeba nanasi moja lililopondeka, akalikamua. Sasa, Wakonyo alikuwa mwanafunzi mzuri wa yule bibi wa misheni aliyewafundisha akina mama kuchemsha kila kinachoingia kinywani mwa mtoto. Akachemsha maji ya nanasi yakatokota sawasawa. Siku tatu Warigia akanywa, na siku tatu hapakutoka kitu.

Siku ya nne, saa ya chai, aliketi na mwenzake Mukonyo wa chumba cha jemu. Mukonyo alishinda mikono ikiwa ndani ya nanasi kama yeye, ila ngozi yake ilikuwa nzima kabisa. Wakonyo akamshika kiganja, akakigeuza huku na huku.

"Kwani nanasi lako halikuli?"

Mukonyo akacheka. "Langu limepikwa. Likishapikwa halina meno."

Wakonyo akasahau chai. Siku tatu nzima alikuwa akiing'oa dawa meno kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa kuni za kununua! Jioni ile alikamua nanasi jingine na jiko hakuliwasha. Warigia alikunja uso, akanywa, akanywa tena kesho yake.

Asubuhi ya tatu minyoo ikatoka. Wakonyo aliigeuza kwa kijiti, mwili ukamsisimka. Ngozi ya minyoo ile ilikuwa imechubuka na kulainika, imeliwa vilevile kama vidole vyake. Alipiga magoti palepale penye udongo, kwa woga ule wa kanisani, akamshukuru Ngai. Miaka mitatu ameyatukana maji yale, kumbe yalikuwa na kazi nyingine.

"Maitu, nina njaa," Warigia akasema nyuma yake. Wakonyo akalia, maana leo chakula kingekuwa cha mtoto peke yake, si cha minyoo tena.

Wiki ilipoisha walirudi dispensari. Nzioka alilibonyeza lile tumbo, likabonyea. Alilibonyeza tena, asiamini, kisha akausogeza wino. Wakonyo akaweka kidole, likatokea doa lilelile.

"Mama, mistari yako iko wapi?"

"Imeliwa na dawa ya mtoto," akasema Wakonyo.