Makofi ya Kuazima

Asubuhi ile kiti kilimkataa Kudra. Akiketi mbele ya kompyuta anainuka. Akiinuka anakwenda mlangoni kuchungulia barabara ya stendi. Akirudi hakumbuki alichotaka kufanya. Chai aliyotengewa na mumewe ilipoa, akaipasha, ikapoa tena.

Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma ya duka, Kasulu mjini. Mbele, mumewe Saady aliuza chaja na kava za simu. Nyuma, Kudra alirekodi kwaya, na kaswida zikifika siku za Maulidi. Mwanzoni watu walicheka, binti wa Kiislamu na nyimbo za misa wapi na wapi. Siku hizi hawacheki tena, wanapanga foleni.

Aliyekuwa njiani ni Bazilio, mwalimu wa kwaya kutoka Kibondo. Jumapili kwaya yake inazindua albamu. Sare zimeshonwa, wageni wamealikwa, hata mbuzi wa sherehe amekwisha kuonyeshwa kamba. Zilibaki nyimbo tu, na nyimbo zilikuwa kwa Kudra, ukiacha mmoja uliokwisha kutangulia redioni.

Jana yake kompyuta ilikuwa imegoma. Diski imejaa, haipokei hata kikohozi. "Si ufagie?" Saady alisema, naye Kudra akafagia.

Ufagio wenyewe ni huu. Kila wimbo una folda yake, na ndani ya folda mna kila kitu kilichorekodiwa siku ile: sauti nzuri, sauti za waliosahau ubeti, vicheko, chafya. Wimbo ukikamilika unatumia vichache, vingine vinabaki kama pumba chini ya ungo. Sasa programu inaweza kukuonyesha yale ambayo wimbo hauyatumii, ukaiamuru iyatupe. Kudra alianza na folda kongwe kuliko zote, ya kwaya ya akina mama wa kijiji cha Heru Juu. Zikatoka chafya, vikatoka vicheko, na katikati yake faili moja limeandikwa "makofi". Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana havitarudi. Mtu mwenye haraka huwa na hakika. Akabonyeza.

Asubuhi akafungua nyimbo za Kibondo azisikilize mara ya mwisho. Waimbaji wakaingia vizuri, kinanda kikaingia. Pale makofi yanapopaswa kulipuka, kimya. Kwenye skrini maandishi mekundu: faili halipatikani. Akafungua wimbo wa pili, kimya. Wa tatu, vilevile.

"Saady! Nimetupa makofi!"

"Makofi gani?"

"Ya Heru Juu!"

"Si ulisema hawayatumii?"

"Kwao hawayatumii! Wengine wote ndio wanaoyatumia!"

Mambo yalikuwa hivi. Akina mama wa Heru Juu walipokuja kurekodi, walipiga makofi ya mikono ya jembe, mazito, yenye kina. Kisha wakakumbushwa kwamba ule wimbo ni wa Kwaresima, na Kwaresima haipigiwi makofi. Yakaachwa folda ile ile, yamelala. Lakini Kudra alikwisha kuyapenda. Kila kwaya iliyokuja na makofi mepesi, aliyaweka yao pembeni akaazima yale. Na hakuyanakili, akiona diski itajaa bure. Aliuelekeza tu kila wimbo mahali yalipo, kama unavyomwambia jirani kinu kiko nyuma ya nyumba, nenda katwange. Sasa mwenye nyumba amekitupa kinu, na majirani wote wamesimama uani na mihogo yao mikavu.

Wakajaribu kupiga wenyewe, mke na mume, mbele ya maiki. Wakasikiliza.

"Hawa wanafukuza kuku," alisema Saady.

"Tena kuku mwenyewe haogopi."

Ndipo Bazilio akaingia, mrefu, koti begani, vumbi la njia ya Kibondo hadi kwenye nyusi. Kudra akamwekea makofi ya mashine akidhani yatapita. Mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza, akakunja uso.

"Dada Kudra, haya yanapiga kama saa ya ukutani. Hayana watu ndani. Makofi ya wanakwaya wangu yako wapi?"

Kudra akasimama, akaketi, akasimama. "Mwalimu, makofi ya wanakwaya wako niliyaacha siku ile ile. Yale unayoyapenda ni ya Heru Juu. Nami jana nimeyafuta."

"Heru Juu?" Bazilio alishusha koti polepole. "Hawa hawa wanaosema redio inatupendelea?"

"Hao hao."

Nje pikipiki ilipiga honi. Bazilio alitazama saa, akatazama mlango, akatazama kompyuta. "Basi twende kwao," alisema. "Aibu ya leo ni nafuu kuliko ya Jumapili."

Wakapanda bodaboda mbili. Njia nzima Kudra alikumbatia kompyuta yake, laptopu ile ile, na maiki kama mtoto mwenye homa, akipanga maneno na kuyapangua. Akisema ameazima, ataulizwa nani alimwazimisha. Akisema ameiba, nani atampigia mwizi makofi?

Waliwakuta akina mama wa Heru Juu uani kwa Bibi Immakulata, kiongozi wao, wakipura maharage. Fimbo zilipanda na kushuka, maganda yakaruka.

"Mwakeye!" Kudra aliwaamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu. Mbona unahema na aliyekimbia ni pikipiki?"

Kicheko. Kudra hakuweza kukaa kwenye kigoda alicholetewa. Akasema yote akiwa wima: makofi, Kwaresima, kuazima, kufuta. Alipofika kwenye nyimbo za Kibondo, fimbo moja ikasimama, kisha zote.

"Ngoja," alisema Dorcas, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya yao. "Wimbo ule wa redioni kila asubuhi, ule uliotufanya tuonekane tumepoa, makofi ni yetu?"

"Ni yenu, mama."

"Tumejishinda wenyewe!"

Uani pakachafuka. Huyu anacheka, huyu ananuna, mwingine anamwelekezea Bazilio fimbo. "Mwalimu, Kibondo hamna viganja? Mnapigia nini mbu?" Bazilio aliyatazama maharage kana kwamba yeye ndiye atakayeyachambua.

Bibi Immakulata peke yake alikuwa ameshika shavu.

"Nilisema mimi," alisema mwishowe. "Dorcas, sikukwambia? Nikasikiliza redio nikasema, Kibondo kuna mama anayechelewa kofi kama mimi. Nikamwonea huruma, nikajua na yeye wanamsema." Akamgeukia Kudra. "Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Kwangu kalala, kwa jirani analima."

Kudra akafikiri, na mawazo hayakutulia. Punda? Ng'ombe? "Sijui, bibi."

"Toa mji."

"Nakupa Kasulu."

"Kasulu naujua, nitaufanyia nini?"

"Buhigwe basi."

"Buhigwe mna ofisi nyingi, nitaambiwa nirudi kesho."

Bazilio akakohoa. "Bibi, mimi nakupa Kibondo."

"Kibondo! Mji wa waazimaji." Bibi akatabasamu kidogo tu. "Haya, nimeuchukua. Nimekwenda Kibondo Jumapili, nimeketi mbele na wenzangu wote hawa, mwalimu amesimama akawaambia watu makofi ni ya nani, halafu nimekula nyama. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Jibu ni jembe la kuazimisha. Kinamama, nawaeni mikono."

Kudra akatega maiki karibu na ukuta, kuku wakafungiwa jikoni. Akina mama wakajipanga, wakapiga. Yakatoka mazito, sawasawa, mazuri. Kudra akavaa vipokea sauti, akasikiliza, akarudia. Yalikuwa makofi ya Heru Juu na hayakuwa yenyewe. Yalikosa kitu.

Akainua macho. Bibi Immakulata alikuwa ameketi kando kwenye gunia, mikono mapajani.

"Bibi, hukupiga?"

"Nipige nini? Siku ile pale studio ulinisogeza mlangoni, mbali na maiki. Ulisema nawaharibia wenzangu, nachelewa. Nimezeeka, sikusahau."

Ni kweli, alimsogeza. Lakini kofi la mlangoni lilisikika vilevile, kwa mbali, nyuma kidogo ya mengine, na ndilo lililoyafanya yasiwe saa ya ukutani. Kudra alikuwa amelisikiliza katika kila wimbo aliotengeneza, akalipenda bila kujua ni la nani.

Akapiga magoti kwenye maganda ya maharage. "Bibi, nilikosea. Njoo hapa mbele. Chelewa kama unavyochelewa."

"Siwezi kuchelewa kwa kuamriwa."

"Basi piga tu."

Bibi akajishika kiuno, akainuka, akasogea mpaka maiki ikamtazama kifuani. Bazilio, bila kuombwa, akaanzisha wimbo wake kwa sauti ya chini ili wapate mwendo. Akina mama wa Heru Juu wakapokea wimbo wa Kibondo, neno kwa neno, maana waliujua wote. Redio iliwafundisha huku wakinuna. Makofi yakaanguka kwa pamoja, na nyuma yake, peke yake, kofi la Bibi Immakulata likaingia kama mtu anayefunga mlango baada ya wageni wote kupita.

Kudra hakungoja kurudi mjini. Palepale uani alitengeneza nafasi kwenye diski kwa kufuta nyimbo zake mwenyewe za kujifunzia, akanakili makofi ndani ya folda ya kila wimbo, kila nyumba na jembe lake. Kisha akayafungua, akasikiliza, akafungua tena.

"Mwanangu," alisema Bibi Immakulata, akikisogeza kigoda kwa mguu, "sasa yapo. Kaa."

"Niangalie mara moja tu, bibi," alisema Kudra, naye amesimama bado.