Kitabu cha Walioketi Bustanini

IFAHAMIKE KWA UMMA WOTE kwamba kuanzia Jumatatu, kwa amri ya Idara ya Mapumziko na Hewa Safi, hakuna mtu atakayeketi, kujinyoosha, kubembea wala kuvuta pumzi katika bustani hii kabla ya kujiandikisha kitabuni: jina lake, atokako na sababu ya kuketi.

Ndivyo ilivyotamka karatasi iliyobandikwa kwenye lango la bustani ndogo ya umma katikati ya mji wa Kisii. Idara yenyewe haikuwepo. Aliyekuwepo ni Pam, msichana wa kidato cha tatu aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, ambako hata kwenda msalani baada ya kengele kuna daftari lake. Alikuwa amekaa nyumbani siku nne bila la kufanya, na hilo, kwa Pam, ni hatari kwa taifa.

Mpango wake ulikuwa mdogo tu. Angeketi kwenye benchi, atazame watu wakigombana na Mzee Bosire, mlinzi wa lango, kisha acheke mpaka avunjike mbavu. Alisahau yuko nchi gani. Mkenya akiona daftari langoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi, haulizi. Anainama na kuandika. Mtu wa kwanza, mwendesha boda boda wa Ogembo aitwaye Ogari, aliandika "kunyoosha mgongo", kisha akamgeukia Bosire.

"Namba ya kitambulisho hamtaki?"

"Hawajasema."

"Na saa ya kutoka?"

Bosire akafikiri, akachukua rula, akachora safu ya saa ya kutoka.

Ugomvi haukutokea hata mmoja. Kufikia saa nne Pam aliona mzaha wake umekufa, akaenda kuchungulia daftari angalau ajue umekufaje. Hapo ndipo aliponaswa. "Kusubiri majibu ya hospitali." "Kula mahindi bila kuombwa." "Mtoto amekataa kurudi dukani kabla ya bembea," aliandika Krupa, ambaye familia yake inauza vitambaa ng'ambo ya barabara. Tangu siku hiyo Pam alirudi kila jioni kusoma, kama wengine wanavyofuatilia tamthilia, na asiporidhika na alichosoma alimfuata aliyeandika na kumuuliza. Aliyemsumbua zaidi ni Roselyne, mwanamke wa Birongo aliyekuja kila Alhamisi baada ya kuuza ndizi zake na kuandika neno moja: "Kunyamaza."

Alhamisi ya pili Pam akamsogelea.

"Samahani, mama. Huwa unanyamaza kuhusu nini?"

Roselyne akamtazama kama anayekadiria uzito wa mkungu. "Kwangu tuko watu kumi na mmoja, omwana. Hapa hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi."

"Sasa mimi nimekuuliza."

"Ndiyo. Umeniharibia Alhamisi."

Wiki hiyo hiyo, wakati wa chakula, mama yake Pam, Akumu, akaisukuma sahani kando. Akumu ndiye aliyesimamia bustani za mji, na bajeti ya mwaka ilikuwa ikijadiliwa.

"Wanasema pale haingii mtu ila mbuzi," alisema. "Wanataka kulihamisha fungu letu, nyasi zing'olewe, pawe maegesho ya magari. Bahati nzuri makao makuu walileta kitabu. Kesho nitawaonyesha majina."

Pam akameza tonge bila kulitafuna. Bosire aliamini kitabu ni cha Akumu. Akumu aliamini ni cha makao makuu. Amri ikitoka juu, nani hupanda kuuliza juu ni wapi?

Kesho yake, ukumbini, wananchi walipokuja kutoa maoni, Bi. Purity wa kamati ya bajeti alikifungua kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza, akainua kichwa.

"Nani aliagiza hiki?"

Bosire akamtazama Akumu. Akumu akatazama dari.

"Kwa sababu sisi hatukuagiza. Halafu hapa kuna Luteni Nyasi Ndefu, anatoka sayari ya Mirihi, sababu ya kuketi: kukagua mawingu. Chini yake yuko Askofu Mkuu wa Kachumbari." Akakifunga. "Mama Akumu, umetuletea mzaha. Maegesho yaendelee."

Hapa inabidi tukiri kwamba kuna jambo tulilolifunika tangu mwanzo. Siku ya kwanza, lango lilipopoa kidogo, kuna mtu aliyeongeza kitabuni wageni wake mwenyewe, na mtu huyo hakuwa Roselyne.

Pam akasimama.

"Madam, Luteni ni mimi. Askofu pia. Wako kumi na wawili. Karatasi ya langoni niliandika mimi, kitabu nilinunua mimi. Mama na Mzee Bosire hawakujua lolote. Lakini waliobaki ni watu."

"Nitajuaje?"

"Niulize kuhusu yeyote. Ogari mgongo unamuuma tangu aanguke Mosocho. Roselyne ana watu kumi na mmoja nyumbani na hapendi maswali. Nilienda kuwauliza."

Purity akampa kalamu nyekundu. Pam akawafuta wageni wake mmoja mmoja mbele ya ukumbi mzima, huku mtu wa nyuma akitoa rambirambi kwa familia ya Askofu. Purity akahesabu mistari iliyosalia, kisha akamwambia karani, "Mia nane na sita. Fungu la bustani libaki lilipo."

Akumu hakutabasamu. "Tutaongea nyumbani, nyathina, mwanangu wewe."

"Subiri," Purity akasema, kidole chake kikiwa bado kwenye ukurasa. "Huyu hukumfuta. Pam, kidato cha tatu, siku kumi na mbili mfululizo. Sababu: utafiti wa kitaifa."

Pam akatazama viatu vyake.

"Huyo yupo kweli, madam. Ila utafiti haupo. Nilikuwa nachungulia maisha ya watu, na nimeshindwa kuacha."