Nyuki Yupi

Kwenye kituo chetu cha kulelea watoto tulikuwa na nyuki wa aina mbili, na balaa lote lilianzia hapo. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne, aliyeshinda akivuma "zzz" chumba kizima na akiudhiwa anauma wenzake. Ndiyo maana tukamwita Nyuki. Jina lilimkaa, hata mama yake akija kumchukua alicheka na kumwita hivyo hivyo. Wa pili ni nyuki wenyewe, wadudu, na hao tuliwaogopa kwa ajili ya Babu.

Babu hakuwa babu wa mtu. Alikuwa mvulana mdogo wa miaka mitatu, mpole, mashavu tele. Mama yake alitueleza mapema kwamba nyuki akimdunga, koo huvimba na pumzi hukata. Akatuachia sindano ya dharura, akatuonyesha namna ya kuichoma pajani, juu ya suruali, bila kungoja. Tuliiweka rafu ya juu ofisini, imebandikwa picha yake.

Siku hiyo watoto walikuwa wakicheza uani, mimi niko ndani nabadilisha nepi. Babu akaingia analia, ameshika mkono.

"Shangazi, Nyuki ameniuma."

Watoto wote hutuita shangazi. Damu ilinichemka, maana Nyuki alikuwa ameshamuuma mwenzake asubuhi ile ile. Nikampeleka Babu bombani, nikamwosha mkono kwa sabuni na maji kama tunavyofanya kwa alama za meno, huku nikimwomba Bibi Mkuu, mkubwa wetu wa kazi, amweke Nyuki kona.

Lakini meno sikuyaona. Niliona uvimbe mmoja mwekundu, basi. Kule kona Nyuki alikuwa akiapa kuwa si yeye. Nikamuuliza Babu ni Nyuki yupi. Akajibu, Nyuki. Alikuwa wapi? Kwenye maua. Na Nyuki wetu naye alikuwa amejaa udongo wa maua magotini. Lugha yenyewe ilinitupa mkono: mtu ameuma, mdudu ameuma, tofauti iko wapi? Nikauliza baada ya kumuuma alifanya nini.

"Ameruka," Babu akasema.

Nyuki wetu kuruka ndiyo kazi yake, benchi hili mpaka lile.

Bibi Mkuu hupenda mambo yaishe upesi. Akamwambia Nyuki kwamba akisema ukweli atatoka kona.

"Ni mimi," Nyuki akasema.

Hapo nikavurugika kabisa. Aliyeuma amekiri, na jeraha halina meno. Nikimchoma sindano ile mtoto aliyeumwa na mwenzake, mama yake nitamwambia nini? Nisipomchoma, na kumbe ni mdudu? Babu akakohoa. Nikajiambia ni kilio. Midomo yake ikaonekana minene, nikajiambia ni kilio pia, ingawa moyoni sikuamini. Nilisimama pale na taulo mkononi, sijui nishike lipi niache lipi.

Nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza tena, polepole, Nyuki aliruka akaenda wapi.

"Ameruka ukuta."

Ukuta wa ua wetu unanizidi mimi kimo.

Nilikimbilia ofisini, nikarudi na sindano, nikamlaza Babu sakafuni na kuikandamiza pajani, juu ya suruali, huku Bibi Mkuu akiita gari la wagonjwa kwa simu. Kisha nikauona mwiba kwenye uvimbe, mweusi, mdogo kama kipande cha uzi, nikaukwangua kwa ukucha. Babu alikuwa akipumua kwa mluzi. Nilimshika mkono nikimsemesha upuuzi wowote ulionijia, na kabla gari halijafika mluzi ulikuwa umeanza kupungua. Bibi Mkuu akaondoka naye.

Alipopiga simu kutoka hospitali kusema mtoto anapumua vizuri na mama yake amempakata, niliketi sakafuni nikalia bila aibu. Ndipo nikamwona Nyuki. Bado alikuwa kona. Hakuna aliyekumbuka kumtoa. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Shangazi," akasema nyuma ya vidole, "meno yangu yana sumu?"

Nikamwambia hayana. Nikamwambia hakumuuma Babu, aliyemuuma ni mdudu. Nikamuuliza kwa nini basi alisema ni yeye.

"Si mimi ndiye Nyuki?"

Nikamnyoshea mikono, nikamwita kwa jina alilopewa nyumbani kwao siku alipozaliwa, jina ambalo hapa kituoni hatukuwahi kulitumia.

Akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.